Barua ya wazi kwa mawaziri wa biashara: biashara ni haki, msiigeuze hisani

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wa Biashara na Fedha,
Nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO).

YAH: SIASA ZA JUKWAANI ZINAVYONYONGA BIASHARA NA UHURU WA KIUCHUMI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaoandika ni watu wa kazi: mawakala wa forodha, wasafirishaji, waagizaji na wauzaji wa bidhaa nje. Riziki yetu iko katikati ya kiwanda kimoja na kingine. Tunahakikisha mzigo unafika ukiwa na karatasi zake zote na umelipiwa kila kinachopaswa kulipiwa. Malalamiko haya tumeyafikisha kwa njia za kawaida. Tumejaza fomu za maoni, tumehudhuria vikao vya wadau, tumeandika barua za kiofisi kwa faragha, na jibu limekuwa lile lile: yamepokelewa, yanafanyiwa kazi. Kwa kuwa hatua zinazotuumiza hutangazwa hadharani, tena mara nyingi jukwaani kabla hazijaandikwa kwenye sheria yoyote, tumeona nasi tuseme hadharani.

Kwanza tueleweke. Hatuwaombi mfute ushuru wote wala mng'oe mipaka. Kila serikali ina haki ya kutoza ushuru, kulinda afya za watu wake na kuzuia bidhaa zinazoingizwa kwa bei ya kutupa. Kinachotusumbua ni aina ya siasa iliyoenea katika nchi tajiri na maskini vilevile: kiongozi anasimama mbele ya umati, anamtaja mgeni kuwa ndiye chanzo cha ugumu wa maisha, kisha anatoa amri ya kumkomoa. Amri hiyo haikufanyiwa utafiti, haina tarehe ya mwisho, na aliyeitoa ndiye anayeamua nani asamehewe. Hapo biashara, iliyokuwa haki ya raia chini ya sheria, inakuwa hisani ya mkubwa. Hoja zetu ni hizi.

1. Anayelipa ushuru ni raia wenu

Wananchi huambiwa kwamba nchi fulani "italipa". Hebu tufuate karatasi. Mzigo ukifika, anayewasilisha tamko la forodha ni mwagizaji wa ndani au wakala wake. Anaandika namba ya bidhaa katika mfumo wa HS (tarakimu 6 za kimataifa, pamoja na zile ambazo kila nchi huongeza), thamani ya mzigo na nchi ulikotengenezwa. Hesabu inatoka, yeye analipa, ndipo mzigo unaachiwa. Kiwanda cha ng'ambo hakipokei ankara yoyote kutoka forodha yenu.

Chukueni mzigo wa dola 100,000, nauli na bima zikiwemo. Ushuru ukiwa 10% ni dola 10,000. VAT ya 18% haipigwi kwenye 100,000 bali kwenye 110,000, nayo ni dola 19,800. Jumla 29,800. Sasa waziri anapandisha ushuru hadi 35%: ushuru ni 35,000, VAT inapigwa kwenye 135,000 na kufika 24,300, jumla 59,300. Fedha ya kuutoa mzigo ule ule bandarini imekaribia kuwa maradufu, na inatakiwa yote kabla katoni moja haijauzwa. Ndiyo, aliyesajiliwa VAT atakuja kurejeshewa sehemu hiyo baadaye. Lakini mwenye lori anataka chake leo. Mfanyabiashara mdogo asiye na mkopo wa benki anaishia hapo, na soko linabaki kwa wakubwa wawili watatu ambao ndio hasa mliahidi kuwabana.

Wakati mwingine muuzaji wa nje hupunguza bei ili asipoteze mteja. Ila Marekani ilipopandisha ushuru mwaka 2018, wachumi waliofuatilia bei za mizigo walikuta karibu gharama yote ya ushuru imewaangukia Wamarekani wenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mashine za kufulia nguo. Januari 2018 ziliwekewa ushuru wa 20% kwa mashine milioni 1.2 za kwanza katika mwaka, na 50% kwa zitakazozidi hapo. Bei zikapanda kwa takriban 12%. Mashine za kukausha nguo, ambazo hazikuguswa na ushuru huo hata kidogo, nazo zikapanda, kwa sababu watu hununua mbili kwa pamoja na wauzaji waliligawa ongezeko kwenye zote mbili. Ajira mpya zilizopatikana zilikadiriwa kuwa 1,800 hivi. Wanunuzi walilipa zaidi kwa takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe: kila ajira iligharimu zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Hakuna hotuba iliyowahi kuitaja namba hiyo.

2. Kiwanda kimoja kinalindwa, vingi vinavyokitegemea vinaumia

Hili tutalipitia haraka kwa sababu wataalamu wenu wanalijua. Chuma ni malighafi. Anayetengeneza misumari, matrela au makopo ya chakula anakinunua, na mshindani wake wa nje anakinunua kwa bei ya soko la dunia. Mkiweka ushuru kwenye chuma na kuacha misumari, mmemwambia mwenye kiwanda cha misumari afunge, na mnunuzi aagize misumari iliyokwisha kutengenezwa. Mkiweka na kwenye misumari, mjenzi atakuja kulia mlangoni kwenu. Waajiriwa wanaotumia chuma ni wengi mara makumi kuliko wanaokiyeyusha, lakini hawa wa pili wamekusanyika sehemu moja, wana kofia za kazi, na wanapendeza kwenye picha na kiongozi.

3. Anayepigwa naye hupiga

Juni 1930 Rais Herbert Hoover wa Marekani alitia saini sheria ya ushuru ya Smoot-Hawley. Wachumi 1,028 walikuwa wamemwandikia wakimsihi asifanye hivyo. Lengo la awali lilikuwa kumsaidia mkulima wa Marekani. Tazameni mayai tu: Marekani ilipandisha ushuru kutoka senti 8 hadi 10 kwa dazeni, Kanada, iliyokuwa ikinunua mayai mengi ya Marekani, ikajibu kwa kupandisha wake kutoka senti 3 hadi 10, na mauzo ya mayai ya Marekani huko yakakaribia kuisha. Mkulima aliyekuwa analindwa ndiye aliyefungiwa soko. Hatusemi sheria hiyo ndiyo iliyoleta mdororo mkuu wa uchumi; kufilisika kwa mabenki na kuporomoka kwa bei kulikuwa na uzito zaidi. Tunasema iliziba njia ya kutokea.

Tena anayelipiza kisasi hapigi ovyo. Marekani ilipoweka ushuru wa hadi 30% kwenye chuma Machi 2002, Umoja wa Ulaya uliandaa orodha ya bidhaa zinazotoka kwenye majimbo yenye ushindani mkali wa kura, machungwa ya Florida yakiwemo. WTO ilipotoa uamuzi dhidi ya ushuru huo, uliondolewa Desemba 2003, kabla ya muda wake. Mwaka 2018 China iligusa maharage ya soya kwa ushuru wa 25%, na serikali ya Marekani ikalazimika kutangaza ruzuku kwa wakulima, hadi dola bilioni 12 mwaka huo na bilioni 16 mwaka uliofuata. Yaani mwananchi alilipa ushuru dukani, kisha akalipa kodi ya kumfidia aliyeumizwa na ushuru.

4. Kigeugeu kinaua kuliko kiwango

Ushuru wa 25% unaojulikana miaka mitatu mbele tunaweza kuuwekea hesabu. Ushuru wa 10% usiojulikana kesho utakuwa ngapi hatuwezi. Mzigo wa kawaida huenda hivi: mkataba unasainiwa kwa bei iliyofungwa, benki inafungua LC (hati ya benki ya kumdhaminia muuzaji malipo yake), kiwanda kinachukua mwezi au miwili kutengeneza, meli inachukua wiki kadhaa. Kuanzia saini hadi kuuachia mzigo ni miezi mitatu au minne. Amri ikibadilika katikati, bei iliyofungwa inabaki vile vile na hasara inamkuta aliyeshika karatasi.

Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, tarehe 9 ikausimamisha kwa siku 90 kwa nchi nyingi huku wa China ukiendelea kupanda hadi 145%, na Mei wa China ukashushwa hadi 30%. Mizigo iliyokwisha pakiwa melini kabla ya tarehe maalumu ilisamehewa, hilo tunakiri. Lakini iliyokuwa imelipiwa na bado iko kiwandani haikusamehewa. Mwenye mzigo wa namna hiyo ana njia nne, zote chungu: alipe na auze kwa hasara, auweke kwenye ghala la forodha na kulipia hifadhi akiomba amri ibadilike, ampigie simu mnunuzi wa nchi nyingine aununue kwa bei ya kuokota, au autelekeze bandarini huku tozo ya kuchelewesha kontena ikihesabika kila siku.

Na viwango vyenyewe vilipatikanaje? Kanuni iliyochapishwa ilikuwa: chukua nakisi ya biashara ya bidhaa na nchi husika (yaani kiasi ambacho Marekani inanunua huko zaidi ya inachouza), igawe kwa thamani ya bidhaa zinazotoka huko, kisha kata nusu. Huduma hazikuhesabiwa. Lesotho huiuzia Marekani nguo nyingi na hununua kidogo sana kutoka huko kwa sababu ni maskini, hivyo hesabu ikatoa 50%, kiwango cha juu kuliko cha nchi kubwa kiviwanda. Kanuni ile haikuuliza Lesotho inatoza ushuru kiasi gani. (Visiwa vya Heard na McDonald, makazi ya pengwini visivyo na mkazi hata mmoja, vilipangiwa 10%. Tulicheka, kisha tukarudi kujibu simu za wateja.)

5. Marufuku ya kuuza nje humwadhibu mkulima wenu

Bei ya chakula ikipanda, jibu la haraka jukwaani ni: "chakula chetu kibaki kwetu". Aprili 2022 bei ya mafuta ya kupikia ilipanda Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese duniani, na serikali ikapiga marufuku kuyauza nje kuanzia tarehe 28. Kwanza ilielezwa kwamba katazo linahusu mafuta yaliyosafishwa peke yake. Siku moja kabla ya kuanza likapanuliwa na kujumuisha mawese ghafi.

Angalieni kilichotokea shambani. Mkungu wa chikichi ukishakatwa hausubiri. Matunda yaliyochubuka huanza kutoa asidi, na yakikaa zaidi ya siku moja hivi bila kukamuliwa mafuta yake hupungua ubora na bei. Kinu nacho kinahitaji matangi yenye nafasi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mawese ya nchi ile huuzwa nje, matangi yalijaa, vinu vikapunguza au vikaacha kununua, na bei ya mkungu ikaanguka. Wakulima wadogo wakaandamana Jakarta katikati ya Mei. Tarehe 23 Mei marufuku ikaondolewa, ilhali bei ya rejareja ilikuwa bado haijashuka hadi kiwango cha rupia 14,000 kwa lita kilicholengwa. Amri ilishindwa kumfikia mlaji, ikamfikia mkulima.

Argentina ilizuia kuuza nyama ya ng'ombe nje Machi 2006, kisha ikaweka vibali na mipaka ya kiasi. Mwanzoni bei ya ndani ilitulia. Lakini mfugaji asiye na uhakika wa soko huchinja hadi majike, na akishachinja majike hana ndama wa miaka inayofuata. Ndani ya miaka michache kundi la taifa lilipungua kwa takriban ng'ombe milioni 10, bei ikapanda kuliko mwanzo, na Uruguay, jirani mdogo, ikaipita kwa kuuza nyama nje.

Na mkifanya hivyo wengi kwa wakati mmoja, mnatengeneza njaa pasipo ukame. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 India, Vietnam na nchi nyingine zilizuia mchele usitoke, nchi zinazoagiza zikakimbilia kununua kwa hofu, na bei ya dunia ikapanda karibu mara tatu hadi kupita dola 1,000 kwa tani, ingawa mavuno ya mchele duniani hayakuwa mabaya.

6. Kila amri huzaa msamaha, na kila msamaha huzaa foleni

Kati ya hoja zetu zote, tunaomba hii isomwe kwa utulivu zaidi. Ushuru wa ghafla au marufuku ya jumla haiwezekani kutekelezwa bila kuumiza mtu ambaye serikali haikukusudia kumuumiza. Kwa hiyo hufuata dirisha la misamaha. Baada ya Marekani kuweka 25% kwenye chuma na 10% kwenye aluminiamu mwaka 2018, maombi ya msamaha yalipita 100,000 kufikia mwisho wa 2019. Kila saizi ya bomba na kila unene wa bati uliombewa peke yake, na mzalishaji wa ndani aliruhusiwa kupinga. Kampuni yenye idara ya sheria ilijaza fomu kwa mamia. Karakana ya watu kumi ilijaza moja, ikakosea namba ya HS, ikarudishiwa.

Argentina ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 2012 hakuna aliyeweza kuagiza kitu bila tamko la awali lililoitwa DJAI kuidhinishwa, na hata kabla ya hapo waagizaji walikuwa wakitakiwa kuuza nje kiasi kinacholingana na wanachoingiza. Ndiyo maana BMW, kampuni ya magari, ilikubali kuuza mchele nje ili magari yake yapite forodha. WTO iliamua kwamba utaratibu huo umevunja kanuni, na uamuzi ukathibitishwa kwenye rufaa Januari 2015. Mtu anaweza kuuliza, mchele una ubaya gani? Hauna. Ubaya ni kwamba mafanikio ya kampuni hayakutegemea tena ubora wa gari wala bei yake, yalitegemea maelewano na ofisi.

Uhuru wa kiuchumi hupotea kwa mlango huu, taratibu, bila sheria yoyote kutamka kwamba umefutwa. Mwenye kiwanda anajifunza kwamba saa moja kwenye chumba cha kusubiri cha waziri ina faida kuliko mwezi mzima wa kurekebisha mitambo. Anayekosoa serikali anaona kibali chake kimechelewa. Hakuna anayemwambia kwa nini, wala hahitaji kuambiwa. Nchi inapata matajiri wapya ambao hawajui kutengeneza kitu.

Mwisho wa barabara hiyo umeshaonekana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, kwa jina la kuurudisha uchumi mikononi mwa wananchi. Watu makumi elfu waliondoka. Maduka na viwanda vyao viligawiwa, sehemu kubwa kwa askari na watu wa karibu na utawala. Bidhaa ndani ya duka ziliuzwa zikaisha, na aliyegawiwa duka hakuwa na mkopo wa wauzaji wa jumla wala fedha za kigeni za kuagiza nyingine. Sukari, sabuni na chumvi vikaadimika, magendo yakawa ndiyo uchumi wenyewe. Wananchi waliotajwa kwenye hotuba hawakupewa kitu.

7. Mpaka ukifungwa, mzigo hubadilisha njia

Nigeria ilisaini mkataba wa Eneo Huria la Biashara la Afrika tarehe 7 Julai 2019. Agosti mwaka huo huo ikafunga mipaka yake ya nchi kavu ili kuzuia mchele wa magendo, na haikuanza kuifungua hadi Desemba 2020. Chakula kilipanda bei. Waliolipa kodi na kupita njia halali walikwama, waliozoea njia za panya waliendelea, kwa rushwa kubwa zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Hata wakati huo wa ugomvi wa wakubwa, wadogo hawakuacha kuuziana.

Si lazima mpaka ufungwe kwa mnyororo. Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya mwisho wa 2020, mkataba uliosainiwa haukuweka ushuru wala ukomo wa kiasi. Yalikuja makaratasi. Shehena ya nyama au jibini ilihitaji cheti cha afya chenye saini ya daktari wa mifugo. Lori lililobeba mizigo ya wateja wengi lilizuiwa lote kwa kosa la karatasi ya mmoja, na wasafirishaji wakaanza kuwakataa wateja wadogo. Bidhaa iliyotengenezwa nchi ya tatu, ikahifadhiwa Uingereza na kupelekwa Ulaya bila kusindikwa, haikutambuliwa kuwa ya Uingereza, hivyo ililipiwa ushuru upya. Serikali iliyoahidi kurudisha udhibiti wa mipaka iliahirisha ukaguzi wa mizigo inayoingia mara tano, hadi 2024, kwa hofu ya kuadimika kwa chakula.

8. Mwamuzi ameondolewa uwanjani

Jopo la Rufaa la WTO lilipaswa kuwa na majaji 7, na shauri moja linahitaji 3. Marekani, chini ya marais wa vyama vyote viwili, ilizuia uteuzi wa majaji wapya, na tangu Desemba 2019 jopo halina idadi ya kutosha kusikiliza rufaa. Anayeshindwa hatua ya kwanza anakata rufaa kwenye kiti kitupu, na uamuzi unakwama. Zipo nchi zilizounda utaratibu wa muda wa usuluhishi tangu 2020, ila ni kwa waliojiunga nao. Nchi kubwa inaweza kuishi bila mwamuzi. Nchi ndogo haina ubavu wa kulipiza kisasi. Ilikuwa na kanuni tu.

Tunajua mtakachojibu

Mtasema hizi ni hatua za usalama wa taifa. Ibara ya XXI ya GATT, mkataba mkuu wa ushuru na biashara, inawapa haki hiyo, na vifaa vya kijeshi hatuna ugomvi navyo. Lakini chuma cha kutoka nchi rafiki mliyo nayo kwenye mkataba wa ulinzi kikiitwa tishio la usalama, neno hilo halitakuwa na uzito siku tishio la kweli litakapokuja.

Mtasema viwanda vyenu ni vichanga. Sawa. Kichanga kina umri. Tuonyesheni tarehe ambayo kitatembea chenyewe na kiwango kitakachokuwa kinashuka kila mwaka. Mwaka 1964 Marekani iliweka 25% kwenye malori madogo kulipiza ugomvi wa kuku na nchi za Ulaya. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru umepita nusu karne.

Mtasema wengine hutoa ruzuku na kuuza bidhaa kwenu kwa bei ya kutupa. Mara nyingi ni kweli, na ushuru wa kufidia umewekwa kwa ajili hiyo hiyo: chunguzeni, sikilizeni pande zote, chapisheni hesabu, wekeni kiwango kwa bidhaa na kampuni iliyothibitika. Kazi hiyo huchukua miezi, wala haina makofi.

Mtasema wananchi wamewachagua kwa ahadi hizi. Hapa tunawapa haki yenu zaidi kuliko mnavyodhani. Waliohubiri soko huria miaka ya nyuma walikuwa wepesi kutaja faida ya jumla na wazito kuutazama mji uliofungiwa kiwanda chake pekee. Fedha za kuwafundisha kazi mpya waliopoteza ajira ziliahidiwa nyingi, zikatoka kidogo, zikachelewa. Hasira hiyo ina msingi. Lakini ushuru haukirudishi kiwanda kilichokwisha uza mitambo yake, na bei ikipanda, yule yule asiye na kazi ndiye anayetumia sehemu kubwa ya kipato chake madukani.

Tunachoomba

(a) Hakuna ushuru, marufuku wala sharti jipya lianze kutumika kabla ya kuchapishwa kwenye gazeti la serikali likiwa na namba za HS. Kwa viwango vya kiufundi, desturi ya WTO ni siku 60 za maoni na angalau miezi 6 kabla ya kuanza. Tumieni hiyo hiyo kwa ushuru, isipokuwa dharura ya afya yenye ushahidi.

(b) Mzigo wenye mkataba uliosainiwa na LC iliyofunguliwa kabla ya tangazo utozwe kiwango cha zamani, iwe umepakiwa au bado.

(c) Kila hatua ya ulinzi iwe na tarehe ya kufa. Mkataba wa WTO wa hatua za dharura za kulinda viwanda tayari unasema miaka 4, isiyozidi 8 ikiongezwa, na kiwango kishuke njiani. Mlisaini wenyewe.

(d) Kabla ya kupiga kura, bunge lipewe karatasi moja inayoonyesha nani atalipa, viwanda gani vinatumia bidhaa hiyo kama malighafi, na kila ajira itakayolindwa itagharimu kiasi gani. Baada ya mwaka mmoja karatasi hiyo ijazwe upya kwa takwimu halisi.

(e) Misamaha itolewe kwa bidhaa, kamwe isiwe kwa jina la kampuni, na orodha ya walioomba, waliokubaliwa na waliokataliwa, pamoja na sababu, iwe wazi kwa umma. Ombi lisilojibiwa ndani ya siku 30 lihesabiwe limekubaliwa.

(f) Chakula kikipanda bei, msaidieni mlaji kwa fedha moja kwa moja au punguzeni ushuru wa chakula kinachoingia. Msifunge kinachotoka. Pale Ibara ya XI ya GATT inaporuhusu zuio la muda kwa upungufu mkubwa, tangazeni tangu siku ya kwanza siku litakapoondolewa.

(g) Jazeni viti vya Jopo la Rufaa. Kama mnaona lina kasoro, andikeni marekebisho. Kuliacha bila majaji si marekebisho.

Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja kwa namba zake, kutoka kwa kila wizara itakayopokea barua hii. Pale wizara itakapoona hesabu zetu zina makosa, tunaomba ichapishe za kwake ili zilinganishwe.

Wenu katika ujenzi wa uchumi,

Mawakala wa forodha, wasafirishaji, waagizaji na wauzaji wa bidhaa nje

Nakala:
Kamati za Bunge za Biashara na za Bajeti
Wahariri wa vyombo vya habari